Shangazi Anajibu: Kozi Ipi Kwanza?

Barua za mwezi huu zimemfikia Shangazi kwa wingi, na karibu zote zinanuka woga wa mwaka wa kwanza.

Msomaji wa Hosteli ya Mabibo anauliza kama aanze na kozi za lazima anazoziita "za kupita tu", yaani Stadi za Mawasiliano na Taaluma za Maendeleo, halafu ngumu azisukumie mwakani. Shangazi amecheka mpaka miwani ikamdondoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kozi ya lazima ina muhula wake. Ukiikimbia, mwakani inakurudia na kugongana na nyingine kwenye ratiba. Anachoweza kukipanga mwenyewe ni kozi za hiari, kama zipo, na usiku wake.

Halafu hiyo Maendeleo anayoidharau huenda ni kongwe kuliko wazazi wake. Ilikua katika joto la Azimio la Arusha la 1967, na mwaka 1973 ikapata taasisi yake palepale Mlimani. GPA nayo inahesabu krediti tu, haiulizi kozi ilipendwa au ilinuniwa. Alama 40 hukusanywa kabla ya mtihani wa mwisho, yaani UE, wenye 60. Anayekacha tesiti kwa sababu kozi ni "ya kupita" anaingia UE tayari ana deni, na akidaka sapu, likizo ndiyo imekwenda.

Aanze na nini, basi? Msomaji anasema anasomea uchumi: usiku wa kwanza uende kwenye hisabati, maana takwimu na ekonometria zinakuja nyuma yake na hazimsubiri mtu. Krediti moja nchini Tanzania ni saa 10 za kazi, kwa hiyo kozi ya krediti 12 inadai saa 120, zikiwemo zile za kujisomea. Madesa ya kaka zake wa mwaka wa tatu hayatamkalia hizo saa.

Barua ya pili ni fupi: mpenzi wake amechukua kozi ya hiari ya saa moja asubuhi, je, amfuate? Apande kwanza daladala saa kumi na mbili alfajiri, wiki mbili, akiwa amesimama. Mapenzi yatakayobaki ndiyo ayasajili.

Wa tatu yuko Columbus, Ohio. Mjomba wake wa Tabora amesikia kijana kamaliza mwaka na krediti 30 tu, ilhali binti wa jirani aliyeko Dar ana 120, na ukoo umeitisha kikao. Shangazi anaomba kikao kivunjwe. Kwa kawaida Marekani 120 ndiyo shahada nzima. Tanzania ni za mwaka mmoja, na shahada ya miaka mitatu ni 360.

Huko Ohio ndiko swali la kozi ipi kwanza lina uzito, kwa kuwa mpangilio kwa sehemu kubwa ni wake. Aanze na uandishi wa Kiingereza hata kama anauchukia, kwa sababu historia na saikolojia zote zitamdai insha. Hisabati iende muhula huohuo, kabla hajasahau ya sekondari. Ile kozi ya filamu anayoisifu kwa kuwa mwalimu haiti majina, ingoje.

Barua ya nne haina swali, ina picha ya ratiba tu: vipindi vitatu vya lazima, Jumatatu saa nne, vyote kwa pamoja. Huyo aende leo kwa mratibu wa idara, kabla usajili haujafungwa, na picha aichapishe.