Hisa za Chai Baridi

Kongo haina soko la hisa, na benki za Goma zilifungwa waasi wa M23 walipoingia mjini Januari 2025. Washauri wa WhatsApp hawajali: tununue hisa za senti za vinywaji vya afya vya Marekani! Huko, Desemba 2017, wauza chai baridi Long Island Iced Tea walijiita Long Blockchain, na bei ya hisa ikaruka karibu mara tatu kwa siku moja. Chai ileile. Mwaka 2018 Nasdaq ikawatimua, hisa zikauzwa vichochoroni. Mwaka 2021 usajili wa hisa hizo ukafutwa. Muuza tangawizi wa Birere, hapa Goma, naye akibandika neno la kompyuta kama blockchain kwenye kidumu chake, wateja watasema: mama, tuonje kwanza.