Ringi za Kung'aa

Baba Zuhura aliporudi kutoka Nachingwea na ringi za alumini begani, mama mkwe aliuliza neno moja tu: "Zina spoku ngapi?" Hakujibiwa. Mwanamume aliyekwisha kutoa hela hapendi maswali.

Baiskeli yenyewe ni Phoenix ya marehemu baba mkwe, namba 28, nyeusi, ya breki za vyuma. Ringi zake zilishika kutu, ndiyo, ila ya nyuma ilikuwa na spoku 40 na ya mbele 32, mtindo wa Raleigh za Waingereza. Waliopanga hivyo walijua uzito unakaa wapi. Hapa Nkowe keria ndiyo inayobeba madumu ya maji, mgonjwa wa zahanati na, msimu ukifika, gunia la korosho la kilo 80. Hizo za kung'aa zilikuwa na spoku 28 kila moja, nyembamba, na vitairi vyake vya kuonea huruma.

Fundi wa chini ya mwembe alizizungusha, akasonya. "Kaka, breki zako zinabana ringi kwa ndani, upande wa spoku. Hii haina pa kubana." Baba Zuhura akasema miguu anayo, ya nini breki?

Akapakia gunia la kupeleka ghala la chama cha msingi. Mteremko wa kwanza tu, spoku zikaanza kulia: ti! ti! Ringi ya nyuma ikajikunja nane, kandambili iliyoteuliwa kuwa breki ikakatika, na msafara wote ukaingia kwenye uzio wa jirani. Yeye alichubuka kiwiko. Gunia lilipasuka. Watoto walijitokeza kusaidia kuokota, kwa moyo kabisa, na jioni hiyo karibu kila ua ulinuka korosho za kubanika. Zilizofika mizani sitazitaja, maana mwenyewe anasoma.

Ringi za zamani nilikuwa nimezitunza uvunguni. Fundi akazisugua kwa msasa, akanionyesha kiwiko cha spoku, pale inapoingia kwenye habu: ndipo inapokatikia, hasa ikilegea, kwa sababu kila mzunguko inapinda kidogo. Akafunga spoku nene, akazipishanisha, kisha akawa anazigonga moja moja kwa spana na kusikiliza. Inayotoa sauti nzito anaikaza. Kazi hiyo ilimchukua mchana kutwa, na mama mkwe hakubanduka kwenye kigoda mpaka alipozihesabu: 40, 32.

Sasa Baba Zuhura anasema kapata mteja wa zile za alumini, kijana wa Ruangwa mjini.

"Huyo kijana hubeba nini?" nikamuuliza.

"Simu," akasema.