Sifa za Ugomvi wa Wigi na Miwani

Ugomvi wa wigi na miwani ni hali inayompata mtu aliyevaa vyote viwili kwa wakati mmoja: mkono wa miwani na ukingo wa wigi hugombea nafasi moja nyembamba juu ya sikio, na hakuna kinachokubali kushindwa. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sikio la leo huwalaza wote wawili tangu asubuhi hadi jioni. Hali hii imelalamikiwa sana na haijapata kusifiwa. Hiyo ni dhuluma, maana ni kero chache mno zinazomfaa mtu kwa namna nyingi kama hii.

Kwanza, ni kero ya ukoo bora. Miwani ilibuniwa kaskazini mwa Italia mwishoni mwa karne ya 13, na kwa zaidi ya miaka 400 haikuwa na mikono. Ilibanwa puani au ilishikwa kwa mkono. Katika kipindi hicho wigi likajipatia utawala Ulaya. Louis XIII wa Ufaransa alilivaa nywele zake zilipompungukia, na mwanawe, Louis XIV, akalifanya vazi la heshima katika jumba la kifalme. Mikono ya miwani ilipotokea London katika miaka ya 1720, kazi inayohusishwa na fundi Edward Scarlett, ilikuta masikio ya wateja wenye fedha yamekwisha kukaliwa. Kwa hiyo haikupinda nyuma ya sikio kama ya leo. Ilikuwa mifupi, imenyooka, na ncha zake zilikuwa pete zilizokandamiza panja. Mwaka 1752 fundi mwingine wa huko huko, James Ayscough, alitangaza mikono yenye bawaba mbili, iliyoweza kuzunguka hadi karibu na kisogo. Mikono mirefu ya namna hiyo ilipenyezwa chini ya wigi. Kila anayesukuma miwani kati ya nywele za kununua asubuhi anaendeleza kazi iliyowashughulisha mafundi wa wakubwa.

Wapinzani wa kero hii hupenda kumtaja Benjamin Franklin, aliyefika Ufaransa mwaka 1776 kuitafutia Marekani msaada, akaliacha wigi na kutembea Paris na kofia ya manyoya na miwani yake. Wafaransa walimpenda, na mwaka 1784 alieleza katika barua furaha yake kwa miwani yenye lenzi mbili katika fremu moja, ya mbali juu na ya karibu chini. Jibu la watetezi ni fupi: mtu mwenye nafasi ya kubuni miwani mbili ndani ya moja ni mtu ambaye ile ya kwanza haikuwa ikimshughulisha vya kutosha.

Si kila wigi linastahili sifa hizi. Wigi fupi la manyoya ya farasi walilovaa majaji wa Kenya, hadi Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoliondoa mahakamani mwaka 2011, huishia juu ya masikio. Jaji mwenye miwani hakupata mafunzo yoyote kutoka kwake, zaidi ya joto.

Wigi linalofaa kusifiwa ni lile la kila siku, linalovaliwa kwa urembo, kwa kupumzisha nywele, au na aliyepoteza nywele zake kwa maradhi au dawa. Ndani yake kuna kofia ya wavu, lastiki kwenye kisogo, vibanio vyenye meno, na kila upande, mbele ya sikio, kipande kidogo cha kitambaa ambacho mara nyingi kina ukanda mgumu unaoweza kukunjwa. Chini ya kofia hiyo kuna kofia nyingine ya stokingi, na chini yake nywele za mwenyewe zilizosukwa mistari. Miwani ilirekebishwa dukani kichwa kikiwa kitupu. Siku wigi linapovaliwa, kichwa kimenenepa kila upande, mikono ya miwani inatanuliwa, ncha zake haziligusi tena fuvu nyuma ya sikio, na mzigo wote unaangukia pua. Pua ikishatoa jasho la Dar es Salaam au Mombasa, miwani huanza kushuka.

Hapo ndipo faida zinapoanza. Ya kwanza ni haiba. Mtu ambaye miwani yake iko tayari kuanguka hainamishi kichwa ovyo. Hutembea kidevu kikiwa juu, hucheka kwa kiasi, na akiitwa kwa nyuma hugeuka mwili mzima, taratibu, kama mgeni rasmi. Ofisini hudhaniwa ni mtu wa msimamo. Akiiinua miwani kwa kidole cha kati huku akisikiliza hoja ya mwenzake, mwenzake huona anapimwa, na hupunguza maneno.

Ya pili ni elimu. Lenzi hukusudiwa kukaa milimita 12 hadi 14 hivi mbele ya jicho. Ikisogea mbele, nguvu yake kwa jicho hubadilika: ya asiyeona mbali hupungua, na ya kusomea huongezeka. Kwenye lenzi nyepesi tofauti haihisiki, lakini mwenye diopta 4 na zaidi huiona kwenye ubao wa daladala kabla hajaambiwa na mtaalamu. Mwenye lenzi za daraja, zinazobadilika nguvu kutoka juu kwenda chini, hujifunza zaidi. Miwani ikishuka, sehemu ya kusomea humkimbia na kuhamia shavuni, naye huinua kidevu ili kuifuata. Mwenye macho haambiwi tazama. Mwenye miwani iliyoteleza huambiwa, tena kwa sauti.

Faida ya tatu ni nidhamu. Vazi hili halikubali haraka wala mkono mmoja. Wigi hutangulia. Likiwa limepakwa gundi, gundi huachwa ikauke kabisa; likihitaji dawa ya kupuliza, hupuliziwa miwani ikiwa mezani, kwa sababu dawa hiyo huacha utando kwenye lenzi usiotoka kwa upindo wa blauzi. Kisha miwani hushikwa kwa mikono miwili na kusukumwa moja kwa moja kutoka mbele, chini ya nywele za wigi lakini juu ya kile kipande cha kitambaa, mpaka ikalie sikio. Wakati wa kuvua, njia ni ile ile kwa kurudi nyuma. Anayepuuza hukumbushwa na bawaba. Simu inaita, miwani inang'olewa kwa mkono mmoja, nywele tatu zimeshikwa kwenye bawaba ya kulia, na wigi zima linafuata mpaka kwenye nyusi. Aliyepatwa na hilo mbele ya foleni ya wateja hahitaji semina ya utaratibu.

Ya nne ni ya kijamii. Anayefunua sufuria ya pilau akiwa na wigi la nyuzi za plastiki na miwani hupata hasara mbili kwa mvuke mmoja: lenzi huingia ukungu, na ncha za nywele hujikunja na kukakamaa, kwa kuwa nyuzi hizo hazistahimili joto. Mtu wa namna hiyo ana sababu nzuri kabisa ya kupangwa kwenye kupokea wageni shughulini, mbali na jiko, na hakuna wa kumwita mvivu.

Inasikitisha kueleza kwamba kero hii inatibika. Dawa kubwa ni kwenda duka la miwani ukiwa umelivaa wigi lenyewe, si kofia wala kitambaa, ili fremu ipimwe juu ya kichwa kitakachoibeba. Mikono ya asetati hupashwa moto na kutanuliwa kwa upana wa kichwa kipya, kisha ncha zake hukunjwa upya nyuma ya sikio. Ya chuma hukunjwa kwa koleo. Kwa anayechagua fremu mpya, mikono myembamba iliyonyooka hupenya nywele vizuri kuliko minene yenye mapambo, na bawaba iliyofunikwa hainasi nywele. Fremu ya chuma yenye vikalio vya silikoni puani hurekebishika kwa urahisi zaidi. Upande wa wigi, ule ukanda mgumu mbele ya sikio hukunjwa ndani ulale bapa kwenye ngozi, na nywele za mwenyewe husukwa mistari myembamba isiyorundikana kwenye panja. Wigi lenye nywele za kuangukia paji la uso hukatwa zifike juu ya fremu, zisiachie mafuta kwenye lenzi.

Dawa hizi zikitumika, hujitokeza faida ya tano, ambayo walalamikaji hawakuitarajia: mahasimu hugeuka kuwa walinzi. Mkono wa miwani uliokaa sawasawa hukibana kile kipande cha kitambaa kisiinuke, na hupita mahali hasa ambapo ukingo wa wigi hujulikana, kati ya jicho na sikio. Fremu yenye rangi hulivuta jicho la mtazamaji, naye haulizi nywele zinaanzia wapi. Kwenye kivuko cha Kigamboni, upepo wa bahari unapoanza kudadisi nani amevaa nini, mwenye miwani ana vishikizo viwili zaidi ya wenzake. Wanaojiamini zaidi na wigi lao mara nyingi ndio wenye miwani, na kujiamini huko kuna sababu ya kiufundi.

Sifa hizi zina mpaka mmoja. Kero ni ya kusifiwa ikiwa inasumbua tu. Ikiuma, imetoka nje ya somo. Mfinyo unaoacha alama nyuma ya sikio, kichwa kinachouma kwenye panja, ngozi inayowasha palipopakwa gundi, au nywele za pembeni zinazokatika kwa kuvutwa kila siku ni dalili za fremu iliyobana, gundi isiyofaa au msuko uliokazwa mno. Nywele zikivutwa kwa muda mrefu huweza zisirudi, kwa hiyo huachwa zipumzike mapema, wigi likivuliwa kila usiku. Asiyetaka ugomvi kabisa anaweza kuvaa lenzi za jichoni. Ataona vizuri na nywele zake hazitanaswa popote, ila itambidi atafute kwingine sababu ya kutembea kidevu kikiwa juu.