Bei Kubwa ya Mama Mwenye Nyumba

Jioni moja ya Januari, mjini Oslo, mama mwenye nyumba alinigongea mlango akiwa na bashasha. "You have a big price!" akasema. Nikasikia "price", yaani bei, roho ikaruka: kodi imepanda! Nikaanza kujitetea kwa adabu zote za Tanga, kwamba mimi ni mwanafunzi tu, na nyumbani nina wadogo wanaonitegemea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa mgongoni kikapu cha kahawa na chokoleti. Tiketi aliyoninunulia kwenye bahati nasibu ya bendi ya shule ilikuwa imeshinda. Alikusudia "prize", zawadi.

Simlaumu. Kinorwei hakina sauti ya z. Hata Zanzibar huwatoka Wanorwei "Sansibar". Kwa hiyo "eyes", macho, na "ice", barafu, kwao ni mapacha. Tukiwa ukingoni mwa ziwa Sognsvann, mwanafunzi mwenzangu alininong'oneza, "She has beautiful ice." Nikainama kulikagua ziwa lililoganda. Niliponyanyuka, binti mwenye macho mazuri alikuwa keshapita.

W nayo hugeuka v, ila wanaojua udhaifu wao huilipia fidia kupita kiasi, kijiji kikawa "willage". Kazi, "job", huwa "yob". Na th? Alhamisi ya Kiingereza, "Thursday", ni siku ya mungu wao wa kale Thor. Mababu zao waliitamka th hiyo, na Waaislandi wanayo mpaka leo. Waingereza wameitunza, wenye mungu wao ndio wameipoteza, wanasema "Tursday". Hata Thor Heyerdahl, aliyevuka Pasifiki kwa chelezo cha Kon-Tiki mwaka 1947, jina lake husomwa Tor.

Sisi tunazo zote: th ya thelathini, dh ya dhahabu, z ya zabibu, w ya wali. Kichwa kikanivimba, nikajifanya mwalimu wa Kiswahili wa mama mwenye nyumba. Wiki ya tatu mama alitaka kunisimulia hadithi kwa Kiswahili. Akakohoa kidogo, akaanza: "Hapo samani sa kale..." Macho yangu yakaenda yenyewe kwenye kochi lake. Nilicheka mpaka machozi.

Hakukasirika. Alinikaribisha chakula, akaniuliza kwa Kinorwei: kwenu wali mnaula na nini? Nikajibu kwa madaha: "Bønner", maharage. Sasa, Kinorwei kina wimbo wake wa kupandisha na kushusha sauti, nami niliimba vibaya. Neno hilo likiimbwa kwa wimbo mwingine ni "bønder", ambalo d yake haisikiki, na maana yake ni wakulima.

Mama, ambaye baba yake alilima viazi maisha yake yote, akaweka uma chini taratibu.

"Kila siku?" akauliza.