Vya Ziada

Mwenzetu mmoja hapa mtaani kagoma kumlipa fundi. Elfu kumi na tano, kusafisha kabureta tu? Kaazima spana namba 10 na bisibisi, kaweka video kwenye simu, pikipiki yake ya cc 125 akaifumua barazani kwa nusu saa. Kuirudisha kulikula Jumamosi nzima. Ilipowaka watoto walishangilia. Kwenye sinia la mkewe zilikuwa zimebaki nati mbili, kispringi kama cha kalamu, na washa nne, zile zenye mkato.

"Hizo za ziada," akasema, "kiwandani huwa wanazidisha."

Sikujua kiwanda nacho hutoa nyongeza kama muuza nyanya. Washa zenye mkato huwekwa ili nati isilegezwe na mtikisiko, lakini nani amwambie mtu ambaye mkono wake bado unanukia petroli na ushindi? Vimeingia kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya vya feni na vya redio.

Jana kanipigia honi. "Jirani, panda nikusogeze stendi!"

Nikamwambia daktari kanishauri nitembee.