Namna ya Kushinda Ubishi wa Historia Goma

Kwanza, chagua vizuri wakati wa kubishania. Usiguse karne ya ishirini: kuna mkataba wa 1910 uliokata mpaka kati yetu na Gisenyi ya Rwanda, na mtu anaweza kukuletea karatasi. Mwanzo wa miaka ya 1700 ndio salama. Huku hakuna aliyekuwa akiandika, na volkano ya Nyiragongo imeshamwaga moto wake juu ya mengi. Mwaka 2002 ilifunika hata katikati ya mji. Nani atakudai umwoneshe kaburi la 1702?

Halafu taja mwaka kamili. Ukisema 1700, watajua unakisia. Sema 1702, tena msimu wa mvua, babu yetu alikuwa ameshajenga hapa.

Shahidi wako ni muzee, na ni afadhali awe ameshafariki. Kutoka 1702 hadi leo ni vizazi kumi na zaidi. Wewe unamjua baba, babu na, ukijikaza, baba wa babu. Waliobaki wapite mbio, kama mtu wa pikipiki aliyemwona polisi mbele.

Kisha chora Kongo mezani kwa kidole, na mipaka yake ya leo, umuweke babu katikati. Kwamba mwaka huo hakuna mtu duniani aliyekuwa ameiona ramani hiyo, usilitaje. Anayekataa, mwite mgeni. Neno hilo halithibitishi kitu, lakini linamaliza ubishi. Sisi wa Kivu tunajua limeshamaliza na watu.

Hatari pekee ni yule mwanafunzi aliyekaa pembeni na daftari lake. Atauliza kwa adabu: "Muzee, basi unamfahamu Kimpa Vita?"

Usijibu haraka. Huyo ana tarehe. Atakwambia kwamba mwaka 1704, katika ufalme wa Kongo uliokuwa umechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, binti wa miaka kama ishirini alisimama akasema Mtakatifu Antoni amemwingia. Alifundisha kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo, mji mkuu wa ufalme huo. Kila Ijumaa alikuwa akifa, anakwenda mbinguni kuombea nchi, na Jumatatu anarudi kazini. (Wengi wetu tunafanya hivyo hivyo, ila bila kufika mbinguni.) Aliwarudisha watu katika mji huo mkuu, uliokuwa mahame, jambo ambalo wafalme walikuwa wanaliogopa. Tarehe 2 Julai 1706 akachomwa moto pamoja na mwenzake. Mtoto wake mchanga akaachwa hai. Mwaka 1709 mfalme Pedro wa Nne akashinda vita na kuuchukua mji huo, na mateka wa vita hivyo wakauzwa kwenye meli za watumwa. Miaka minne baadaye, kule Utrecht, Waingereza wakapewa kibali cha kupeleka watumwa 4,800 kila mwaka katika makoloni ya Hispania, kwa miaka thelathini.

Hapo utatamani kusema, "Hayo ni ya magharibi, mbali na sisi." Sema, ila kumbuka kwamba dakika tano zilizopita ulichora Kongo moja mezani.

Jaribu basi kumkamata kwenye ushahidi: nani aliandika? Atajibu kwamba ni mapadri Wakapuchini, Bernardo da Gallo na Lorenzo da Lucca, waliotaka binti huyo afe. Ukisema ni maneno ya maadui, atakubali. Atasema ndiyo maana anayasoma mara mbili. Ukimwambia Waafrika hawakuandika, atakutajia kisiwa cha Pate, mwaka 1728, ambako Mwengo bin Athumani alikuwa akiandika utenzi wa Herekali kwa Kiswahili, lugha hii hii unayombishia.

Imebaki silaha moja. Muulize mbele ya wote: "Wewe msomi, tuambie, hapa Goma mwaka 1706 alikuwepo nani?"

Ataangalia daftari lake, atalifunga, atasema: "Sijui."

Hakuna mbinu ya kumshinda mtu wa namna hiyo. Badilisha mazungumzo upesi, uulize matokeo ya mpira.