Chaki ya Kidijitali

Hapa Maswa ubao tunaujua. Vijana wetu wana hadi kiwanda cha chaki. Sasa tunaambiwa ubao umehamia kwenye simu, na kweli umehama na vumbi lake.

Mwalimu anapiga picha notsi za baiolojia, kidole gumba kikiwa kimefunika nusu ya figo, anaziunganisha kuwa PDF na kuzirusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Hongera nyingi. Mwanafunzi asiyeona anawasha TalkBack, programu ya kusoma skrini iliyomo bure kwenye simu yake ya Android, nayo inamsomea jina la faili: "Skani sifuri sifuri tatu." Basi, kipindi kimekwisha. Programu hiyo kwa kawaida hutafuta herufi, na ndani ya picha hazimo. Mbele yake figo na ng'ombe wa Mzee Masanja ni kitu kimoja. Kiziwi naye katumiwa video isiyo na maandishi chini, ila muziki wake, jamani, mtamu!

Sheria hatujakosa. Ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu kitabu kigeuzwe nukta nundu au sauti bila kumbembeleza mwenye hakimiliki, Tanzania imo tangu 2020.

Na notsi zile? Mwalimu alizichapa mwenyewe kwenye Word, akazitoa kwenye karatasi, ndipo akazipiga picha. Faili lenye herufi zote lipo kwenye kompyuta ya ofisi. Kaliwekea nywila, lisije likasomwa na kila mtu.